Dondoo muhimu: Jino lenye ufa

Ukitafuna ukasikia mchomo mkali pale unapoachia taya, zaidi kuliko unapobana, shuku ufa. Maji baridi nayo hulishtua jino hilohilo, kisha maumivu hupotea siku kadhaa. Usidanganyike: jino haliungi kama mfupa. Ufa waweza kuwa mwembamba kama unywele, na hata eksirei mara nyingi haiuoni, kwa hiyo mweleze daktari ni upande gani na ulikuwa unakula nini.

Ukisubiri miadi, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tafunia upande mwingine. Aspirini imeze kama umeruhusiwa kuitumia. Usiibandike kwenye ufizi, itakuunguza.

Ufa mdogo hufunikwa kwa kofia ya jino. Ufa ukifika kwenye neva, mzizi husafishwa na kuzibwa kwanza. Jino likigawanyika hadi chini ya ufizi, kwa kawaida hung'olewa, ndiyo maana nakusihi uwahi.

Ili kuzuia ufa, chagua mchele kwa makini kwenye ungo: kijiwe kimoja chatosha kupasua gego. Acha kufungua soda kwa meno, kutafuna barafu na bisi zisizopasuka. Unayesaga meno usingizini, omba kinga ya kuvaa usiku.