Nembo ya Taifa kwa udongo

Swali: Darasa langu la tano linafinyanga Nembo ya Taifa, lakini kila kipande kinapasuka kikikauka. Ninakosea wapi?

Jibu: Bila shaka ni vinene, na unavianika juani. Visizidi unene wa kidole; changanya udongo na vigae vilivyotwangwa, kisha kausha kivulini, vikiwa vimefunikwa gunia bichi. Mkuki usiubandike, uchore kwa kijiti. Usimpe mtoto mmoja nembo nzima: huyu mwenge, yule jembe na shoka. Wa mkarafuu na mpamba, ile mimea miguuni pa Bwana na Bibi, atauliza mengi kuliko wote, mwandalie majibu. Mtaani kwenu yupo mfinyanzi? Mwite darasani.