Jihadhari Trekta Isikupindukie

Katika mashamba ya ngano ya Njoro na Timau, trekta hulima kwa siku moja eneo ambalo jembe la mkono lingelimaliza kwa majuma mengi. Lakini chombo hiki ni kizito, nacho kikipinduka humlalia mwendeshaji wake.

Trekta hupinduka kwa njia mbili. Ya kwanza ni ubavuni: gurudumu likitumbukia shimoni, likipanda kisiki mtelemkoni, au kona ikikatwa kwa mbio. Basi mwendo upunguzwe kabla ya kona, wala isilimwe karibu na ukingo wa mtaro.

Ya pili ni kinyumenyume, nayo ni mbaya zaidi. Magurudumu ya nyuma yakinasa matopeni na moto ukizidishwa, nguvu ya injini isiyoweza kuyazungusha huinua pua ya trekta. Muda wake haufiki sekunde mbili. Si rahisi mtu kuruka akaokoka. Kwa hiyo mzigo ufungwe katika chuma cha chini cha kukokotea, kamwe usifungwe juu ya mhimili wa magurudumu ya nyuma. Aliyenasa na ajaribu kutoka kwa kurudi nyuma.

Mwaka 1959 serikali ya Uswidi iliamuru trekta mpya ziwe na fremu ya chuma ya kumkinga mwendeshaji, na vifo vikapungua sana. Mwenye fremu yampasa kujifunga mkanda, asije akarushwa nje na kupondwa. Na kiti kikiwa kimoja, mtoto asipakiwe.