Kabla ya Kushuka, Soma Ramani Yote



Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Buhehe. Kwetu Busia tunajua kwamba lori likifika mpakani na karatasi moja imepungua, halivuki, hata kama dereva ni hodari. Nilipoanza kusoma urubani nilidhani angani ni tofauti. Siku moja mwalimu alitupa ramani ya kutua kwa VOR, akauliza kama ndege yetu ya mazoezi ingeweza kuitumia. Nikajibu upesi, "Ndiyo, VOR tunayo." Akasema, "Soma tena." Pembeni paliandikwa DME REQUIRED, na kipima umbali chetu, yaani DME, kilikuwa kibovu. Jibu lilikuwa hapana.

Tangu hapo nashika mambo matatu.

Kwanza, jina la ramani, kama ILS, VOR au RNP, linataja mfumo unaoiongoza ndege katika sehemu ya mwisho ya kushuka. Jina halitaji kila kifaa.

Pili, vifaa vingine vya lazima huandikwa katika maelezo. Kwa nini umbali? Fikiria Mwamba wa Tororo uko chini ya njia yako usiku wa mawingu. VOR inakuonyesha uko upande gani, lakini utashuka lini kama hujui umeshaupita? DME ndiyo inayokujibu.

Tatu, kifaa kikipungua, kimo hubadilika. ILS kamili ya daraja la kwanza kwa kawaida humfikisha rubani futi 200 juu ya ardhi kabla ya kuamua. Ishara ya mteremko ikikosekana, anabaki na mwelekeo wa kushoto na kulia tu, na kimo chake cha mwisho huwa juu zaidi. Akifika hapo bila kuona njia ya kutulia, hashuki tena, anapaa.

Hili si la mtihani tu. Tarehe 17 Oktoba 1988, Boeing 707 ya Uganda Airlines iliyotoka London kuja Entebbe ilijaribu kutua Roma katika ukungu. Majaribio mawili yalishindikana. La tatu lilikuwa kwa njia isiyo na mwongozo wa mteremko. Uchunguzi ulieleza kwamba wahudumu wa chumba cha rubani hawakujiandaa vya kutosha kwa njia hiyo, na waliendelea kushuka chini ya kimo kilichowekwa bila kuona alama za uwanja. Kati ya watu 52, walifariki 33.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kushuka, jiulize: Ramani inataka nini? Ndege yangu inacho, na kinafanya kazi? Kituo cha ardhini kiko hewani leo? Jibu moja likiwa hapana, tafuta ramani nyingine au uwanja mwingine mapema, mafuta yakiwa bado yapo.

Abiria hawaioni ramani hiyo. Wamekuachia wewe uisome, na hiyo ni amana.

Wabillahi tawfiq.