Johann Sebastian Bach, Mwalimu wa Waimbaji



Katika kila usharika wako watumishi wasiopanda mimbarani, nao ni mwalimu wa waimbaji, mpiga kinanda, na yule anayenakili nyimbo usiku ili wenzake wapate kuziimba Jumapili. Mara nyingi twawahesabu kuwa pambo la ibada tu. Wakiwapo twafurahi, wakikosekana hatuulizi wamepatwa na nini. Kwa sababu hiyo tumeona vema mwezi huu kueleza maisha ya mtu mmoja wa kazi hiyo, Johann Sebastian Bach. Leo watu wa mataifa mengi humtaja kuwa mmoja wa wakubwa kabisa katika watungaji wa muziki. Walakini katika siku zake alikuwa mtumishi wa mshahara, mwalimu wa vijana wa shule na mwongozi wa waimbaji wa makanisa ya Kilutheri. Tusiyasome haya ili tumtukuze mwanadamu. Tuyasome tupate kujua kazi hiyo ni kazi gani, na usharika una deni gani kwa wanaoifanya.

1. Utoto wake

Bach alizaliwa mwaka 1685 katika mji wa Eisenach, nchi ya Ujerumani. Juu ya mji huo ipo ngome ya Wartburg, ambamo Dakta Martin Luther alilifasiri Agano Jipya, na shule aliyoingia mtoto Bach ndiyo shule aliyosoma Luther zamani. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa mji, na katika ukoo wao kazi hiyo ilirithiwa kama jembe linavyorithiwa kwa wakulima.

Alipokuwa na miaka tisa, mama yake akafa mwaka 1694. Na mapema mwaka 1695 baba naye akafa. Yatima huyo akachukuliwa na kaka yake mkubwa, mpiga kinanda wa mji wa Ohrdruf. Jamaa zake walisimulia baadaye ya kwamba kaka yule alikuwa na kitabu cha noti za watungaji wakubwa, naye akamnyima mdogo wake. Mtoto akawa anakitoa usiku kabatini, akakinakili kwa mwanga wa mwezi, maana hakuwa na taa. Kazi ile ikamchukua miezi sita. Na kaka yake alipoigundua, akamnyang'anya nakala yote.

Mwaka 1700, alipotimia miaka 15, akaenda pamoja na rafiki yake Georg Erdmann mpaka mji wa Lüneburg, safari ipatayo kilometa 300. Huko wavulana maskini wenye sauti nzuri walipata chakula na masomo kwa kuimba kanisani. Basi, yatima huyu alisomeshwa na kanisa kwa ajili ya sauti yake.

2. Ujana wake na ugomvi wake

Mwaka 1703 akawekwa kuwa mpiga kinanda wa kanisa moja la Arnstadt. Hapo yafaa tuseme kweli: hakuwa mtu mpole. Alimdharau kijana mmoja mpiga muziki kwa upigaji wake mbaya, hata wakapigana njiani usiku. Mwaka 1705 akaomba ruhusa ya majuma manne aende kumsikiliza Dietrich Buxtehude, mpiga kinanda mashuhuri wa mji wa Lübeck. Akaenda kwa miguu, safari ya kilometa 400 hivi, akakaa karibu miezi minne. Aliporudi mwaka 1706, wazee wa kanisa wakamwita na kumwuliza kwa nini amekawia. Tena wakamshtaki kwamba huchanganya sauti za kigeni katika nyimbo, hata washarika wakapotewa na wimbo wanaouimba.

Wasomaji, tusiwacheke wazee wale upesi. Walikuwa na haki kumwuliza mtumishi juu ya siku zake, na ni haki ya usharika kuimba pasipo kupotezwa na kinanda. Walakini yale aliyoyasikia Lübeck yalikaa ndani yake maisha yake yote. Wazee waliona miezi iliyopotea, kwa maana faida yake ilikuwa bado haijaonekana.

Mwaka 1707 akahamia Mühlhausen, akamwoa Maria Barbara, binti wa ukoo wake. Mwaka 1708 akaenda Weimar kumtumikia mtawala wa huko. Mwaka 1717 akataka kuondoka kwa kuwa ameitwa Köthen, akashikilia kupewa ruhusa kwa maneno makali, hata mtawala akamfunga gerezani tangu tarehe 6 Novemba mpaka tarehe 2 Desemba. Kisha akafunguliwa, akaenda zake.

Köthen alipendwa na kuheshimiwa. Lakini mwaka 1720 alisafiri pamoja na bwana wake. Aliporudi nyumbani akaambiwa mkewe amekwisha kufa na kuzikwa. Alikuwa na watoto wadogo. Mwaka 1721 akamwoa Anna Magdalena, mwimbaji stadi, naye akawa mama wa nyumba ile na msaidizi wa kazi ya mumewe. Watoto wote wa Bach kwa wake wawili walikuwa 20, na 10 tu walifikia utu uzima. Mtu aliyetunga nyimbo nyingi za mauti na ufufuo, alizitunga akijua vema njia ya makaburini.

3. Kazi ya Leipzig

Mwaka 1723 Bach akawekwa kuwa kantori wa shule ya Mtakatifu Thoma katika mji wa Leipzig, yaani mwalimu wa kuimba na msimamizi wa muziki wa makanisa. Hakuwa mtu wa kwanza kutakiwa. Baraza la mji lilimtaka kwanza Telemann, akakataa. Kisha Graupner, lakini bwana wake hakumruhusu. Ndipo wakamchukua Bach, naye akakaa katika kazi ile miaka 27 mpaka kufa kwake.

Katika miaka yake ya kwanza karibu kila juma alitunga muziki mpya kwa ibada ya Jumapili. Muziki huo huitwa kantata: maneno yake hufuata Injili ya siku ile, nao huimbwa na waimbaji pamoja na fidla, filimbi, tarumbeta na kinanda, mara nyingi ukimalizika kwa ubeti wa wimbo ambao usharika wote waujua. Baada ya kutunga, noti za kila mwimbaji na kila mpigaji zilipaswa kunakiliwa kwa mkono. Wanafunzi, wanawe na mkewe wakanakili. Na mwandiko wa Anna Magdalena ulifanana na wa mumewe hata wataalamu wa baadaye wakapata taabu kuupambanua. Kisha wavulana wakafundishwa, na Jumapili ikafika. Kantata za kanisa zilizosalia zapata 200, na nyingine zimepotea. Katika miaka hiyo hiyo aliyatungia muziki Mateso ya Bwana kama yalivyoandikwa na Yohana, yakaimbwa Ijumaa Kuu ya mwaka 1724, na kama yalivyoandikwa na Mathayo, mwaka 1727.

Je, wakubwa wake walifurahi? Mwaka 1730 barazani walinung'unika kwamba kantori hafanyi kazi yake, maana hakupenda kufundisha masomo mengine ya shule. Mwezi wa Agosti mwaka ule Bach akawapelekea barua, akaeleza wazi haja za muziki wa kanisa. Akawahesabu wavulana wake mmoja mmoja: 17 wafaa, 20 bado hawajafaa, na 17 hawafai kabisa. Kila mwalimu wa waimbaji asomaye hesabu hii atatabasamu, maana ataona kwaya yake mwenyewe.

Mwezi wa Oktoba akamwandikia rafiki yake wa utoto, Erdmann, akiuliza kama kuna kazi mahali pengine. Akaeleza kwamba mapato yake yapata thaler 700 kwa mwaka, lakini sehemu kubwa hutoka katika arusi na mazishi. Mwaka hewa ikiwa njema, watu hawafi sana, na mapato hupungua. Mwaka uliotangulia alipoteza zaidi ya thaler 100 kwa njia hiyo. Maneno haya si mazuri masikioni mwetu. Lakini twauliza: ni nani aliyepanga mtumishi wa kanisa apate chakula cha watoto wake kwa mazishi ya jirani? Si yeye, bali waliomwajiri. Kazi mpya haikupatikana. Akakaa, akaendelea kutunga.

4. Alitungia nani?

Mwanzoni mwa kazi zake nyingi Bach aliandika herufi za Kilatini zenye maana ya kuomba msaada wa Yesu, na mwishoni herufi tatu, S.D.G., maana yake utukufu ni kwa Mungu peke yake. Pia alikuwa na Biblia yenye maelezo, iliyotengenezwa na mwalimu Abraham Calov, katika vitabu vitatu vikubwa. Vitabu hivyo vikavuka bahari pamoja na watu waliohamia Marekani, na mwaka 1934 vikagunduliwa katika nyumba moja ya Frankenmuth, Michigan. Sasa vimo katika chuo cha wachungaji wa Kilutheri cha St. Louis. Pembeni mwa kurasa mna mwandiko wa Bach mwenyewe. Katika 1 Mambo ya Nyakati 25, Daudi alipowatenga wana wa Asafu, wa Hemani na wa Yeduthuni kwa kazi ya kuimba, Bach aliandika kwamba sura hiyo ndiyo msingi wa muziki wote wa kanisa umpendezao Mungu. Na katika 2 Mambo ya Nyakati 5, wingu lilipoijaza nyumba ya Bwana wakati wa kuimba, aliandika kwamba penye muziki wa ibada Mungu yupo kwa neema yake.

Hapo twaujua moyo wake. Akigombana na wazee juu ya waimbaji na mishahara, hakuwa anapigania pambo, bali huduma aliyoamini kwamba imeamriwa katika Neno la Mungu.

5. Kifo chake na mjane wake

Mwaka 1750 macho yake yalikuwa yameharibika. Tabibu mmoja Mwingereza akayapasua mara mbili. Hayakupona, na mwili wote ukadhoofika. Akafa tarehe 28 Julai 1750, mwenye miaka 65. Kaburi lake halikuwekwa jiwe la jina. Kitabu chake cha mwisho juu ya ufundi wa kutunga kilipigwa chapa baada ya kufa kwake, nacho kwa miaka kadhaa kikauzwa nakala 30 tu hivi.

Anna Magdalena aliishi miaka kumi baada yake. Alifariki mwaka 1760 katika mji ule ule, akiwa ameandikwa miongoni mwa wanaolishwa kwa sadaka. Binti yao mdogo kabisa, Regina Susanna, naye alizeeka katika umaskini, hata mwaka 1800 gazeti moja la muziki la Leipzig likawaomba wasomaji wake wamsaidie. Mkono ulionakili noti za Jumapili ukanyoshwa kuomba posho. Kwa miaka 27 makanisa ya Leipzig yalikula matunda ya nyumba ile, kisha mama wa nyumba akaachiwa makombo.

Mwaka 1829 kijana wa miaka 20, Felix Mendelssohn, aliyekuwa amepewa na bibi yake nakala ya Mateso kwa Mathayo, akayaongoza tena huko Berlin mbele ya watu wengi. Tangu siku hiyo jina la Bach likainuka, na mwaka 1850 chama kikaundwa kuzipiga chapa kazi zake zote. Mwaka 1950 mifupa yake ikawekwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Thoma. Sifa hizo zilikuja, lakini Anna Magdalena hakuziona.

6. Mafundisho kwetu

Sisi hatuko mbali na habari hizi. Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri waliokuja Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na shirika la misioni la mji huo huo wa Leipzig. Nyimbo walizotufundisha, pamoja na wimbo wa Luther juu ya Mungu aliye ngome yetu, ni miongoni mwa zile alizozipangia Bach sauti nne kwa wavulana wake.

Basi tushike mambo matatu. La kwanza, kuimba ni huduma ya Neno, wala si kujaza nafasi kati ya sala na mahubiri. Someni Wakolosai 3:16. La pili, mwenye kipawa naye ni mtu wa kuonywa na kuvumiliwa. Wazee wamwonye, lakini wasiuzime ufundi wake kwa haraka. La tatu, mtenda kazi astahili ujira wake, kama tusomavyo 1 Timotheo 5:18, na mjane wake asisahauliwe siku ya pili baada ya maziko. Si vema kungoja miaka mia ndipo tumshukuru mtu.

Maswali ya kuzungumza katika mikutano ya walimu na wazee:

1. Katika usharika wetu, ni nani wanaotumika katika kuimba, na ni lini mara ya mwisho tuliwaombea kwa majina?
2. Je, wazee wa Arnstadt walikosa wapi, na Bach alikosa wapi?
3. Katika barua ya mwaka 1730 Bach hakuwaficha wakubwa wake udhaifu wa waimbaji. Je, mwalimu wetu aweza kutuambia haja zake bila hofu?
4. Wako wapi wajane wa walimu na wainjilisti waliotufundisha kuimba, nao waishije leo?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno tu. Baada ya mkutano, wawili watumwe wakawatembelee.