Ugonjwa Upewe Jina Kwanza

Kijitabu cha nyumbani kwa watoto, wakwe na wajukuu wa mzazi anayeshukiwa kuwa na saratani ya damu, Mbumbuni na vijiji vya jirani

Mara nyingi huanza na jambo dogo. Mama anatoka mtoni na dumu la maji, anaketi mara mbili njiani, na mwaka jana hakuwa akiketi. Baba analalamika mgongo. Nani mtu mzima wa Mbooni asiyelalamika mgongo? Mashamba yetu ya milimani hayalimwi na mtu aliyesimama wima, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Ananunuliwa tembe dukani, anadungwa sindano ya maumivu, anapata nafuu siku tatu, kisha mgongo unarudi vilevile. Miezi inapita. Siku moja daktari anaitazama karatasi ya maabara mara ya pili, anauliza ni nani aliyemleta mzee, halafu anasema damu hii inamtia wasiwasi, na kwamba mgonjwa aende Wote, au Machakos, au Nairobi.

Kijitabu hiki ni cha siku hiyo na wiki zinazoifuata. Katika wiki hizo mzazi hajaambiwa ana saratani, wala hajaambiwa yuko salama. Ndipo jamaa wanapoharibu mengi kwa sababu ya mapenzi. Shamba linatafutiwa mnunuzi. Kamati ya harambee inaundwa kabla mtu hajajua pesa ni za matibabu gani. Mgonjwa anazungushwa kwa watu watatu ndani ya wiki moja, kila mmoja na chupa yake ya dawa. Sisi tunaomba jambo moja litangulie mengine yote: ugonjwa upewe jina kwanza.

Karatasi ya maabara inasema nini

Damu hutengenezwa ndani ya uboho, ule ute ulio katikati ya mifupa. Hapo huzaliwa chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu mtu akijikata. Kipimo cha kwanza, hemogramu, huzihesabu zote tatu. Kwa mtu mzima, hemoglobini huwa 12 au 13 kwenda juu, chembe nyeupe huwa kati ya elfu 4 na elfu 11 katika kila tone dogo linalopimwa, na chembe sahani kati ya elfu 150 na elfu 450. Daktari huanza kufikiria saratani ya damu akiona nambari mbili au tatu zimeharibika kwa pamoja, au chembe nyeupe zimepanda kupita kiasi, au chembe changa ambazo hazikupaswa kutoka kwenye uboho zinaonekana chini ya hadubini.

Lakini kushuku si kuthibitisha. Ukosefu mkubwa wa vitamini B12 unaweza kushusha chembe zote tatu, na hutibiwa kwa sindano za bei nafuu. Kifua kikuu kikiingia kwenye uti wa mgongo huumiza mgongo na kumkondesha mtu kama saratani inavyofanya. VVU huvuruga hesabu ya damu. Hapa Ukambani kuna jambo la kuangaliwa zaidi, yaani wengu kuvimba, ule uzito unaojitokeza chini ya mbavu za kushoto. Wengu huvimba kwa malaria ya mara kwa mara, kwa kichocho, kwa kala-azar, na huvimba pia kwa aina kadhaa za saratani ya damu. Tumbo la nje haliwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo. Kipimo ndicho kitakachosema.

Hata jina "saratani ya damu" bado si jina kamili, kwa sababu ndani yake mna magonjwa mengi yasiyofanana. Lukemia kali huja kwa kasi na hutaka hospitali ndani ya siku, si miezi. Wakenya waliiona kwa Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa Safaricom. Mwishoni mwa mwaka 2017 aliondoka kazini kwenda kutibiwa Uingereza, akarejea Julai 2018, na akafariki tarehe 1 Julai 2019. Baada ya kifo chake wengi walidhani kila saratani ya damu ina mwendo huo. Sivyo. Iko lukemia ya taratibu, mojawapo ya zile zinazovimbisha wengu, ambayo tangu mwaka 2001 ina tembe iitwayo imatinib. Mgonjwa huimeza nyumbani kila siku, na wengi wameishi nayo miaka mingi wakilima na kulea wajukuu. Nchini Kenya wagonjwa wameipata bila malipo kupitia mpango wa The Max Foundation. Mtu anayeuza ng'ombe wote kabla ya kujua ana aina gani anaweza kuwa ameuza mifugo kwa ajili ya dawa ambayo angeipata bure.

Kwa wazee wenye maumivu ya mgongo ugonjwa wa kuuliza habari zake ni mayeloma. Huu hukaa ndani ya uboho na kuila mifupa, ukaleta upungufu wa damu na kudhuru figo. Hauponi kabisa kwa kawaida, lakini hutibika, na maumivu yake hushuka sana dawa zikianza. Limfoma nayo huanzia kwenye tezi: shingoni, kwapani, kwenye kinena. Tezi isiyouma ambayo haijapungua kwa wiki nne ionwe na daktari.

Kipimo cha uboho

Kipimo hiki kinaogopwa kuliko kinavyostahili. Mgonjwa hulala kwa ubavu au kifudifudi, daktari huitia ganzi sehemu ya nyuma ya mfupa wa nyonga, kisha huingiza sindano nene na kutoa uboho kidogo pamoja na kipande chembamba cha mfupa. Ganzi huzuia maumivu ya ngozi na ya juu ya mfupa, ila uboho unapovutwa kuna uchungu mkali wa sekunde chache. Mwambieni mzazi hivyo mapema. Mtu aliyeambiwa "haitauma" hatawaamini tena baada ya hapo. Shughuli nzima huchukua kama nusu saa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Utasikia sokoni kwamba sindano ikigusa saratani, saratani husambaa. Si kweli. Seli za ugonjwa wa uboho tayari zimo kwenye mifupa mingi, na sindano haiongezi wala haipunguzi. Kinachoua ni kuchelewa kwa kuogopa maneno hayo.

Vipimo vya namna hii mara nyingi huwapeleka watu wetu Nairobi na viunga vyake, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Majibu yanaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki. Kabla ya kuondoka, ulizeni mambo matatu na muyaandike: sampuli imepelekwa maabara gani, majibu yatatoka lini, na nani wa kupigiwa simu yakichelewa. Anayeshukiwa kuwa na mayeloma aulizie pia vipimo vya protini katika damu na mkojo, kalsiamu, kreatinini ya figo, na picha za mifupa.

Chagueni mtu mmoja wa familia awe mshika karatasi. Si lazima awe kifungua mimba wala mwenye mshahara; awe yule anayeweza kusoma, kusubiri foleni na kutunza kitu. Karatasi zote ziingie katika mfuko mmoja wa plastiki, kwa mpangilio wa tarehe. Aandike kila dawa anayotumia mzazi, mitishamba ikiwemo, bila kumwonea haya daktari. Tumeona familia ambapo kaka wa Mombasa ana karatasi moja, dada wa Machakos ana nyingine, na mgonjwa anachomwa sindano ya kipimo kilekile mara tatu.

Mzazi ni mwenye habari

Watoto wengi husema, "Tusimwambie mama, atakata tamaa." Tunaelewa uchungu ulio ndani ya maneno hayo, lakini hatukubaliani nayo. Mwili ni wake. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake. Lakini yeye mwenyewe anaweza kusema hataki kuelezwa. Basi muulizeni yeye: "Mwaitu, majibu yakitoka, ungependa kuyasikia mwenyewe, au daktari azungumze nasi?" Mwingine atataka kila neno. Mwingine atasema, "Ongeeni na mwanangu, mimi nitaombewa." Heshimuni lolote kati ya hayo.

Katika kipindi cha kushuku, semeni mnachokijua tu: "Damu yako imepungua, na daktari anatafuta sababu. Kati ya sababu anazozitafuta mna saratani. Bado hajajua." Msimwambie ni malaria. Mama aliyelea watoto sita anajua nyuso zenu zinavyobadilika mkidanganya.

Mchungaji na maombi vina nafasi yake, na wazazi wengi huvitegemea. Azuiwe tu yule atakayemwambia mgonjwa aache dawa ili imani yake ionekane.

Kabla ya majibu, nyumbani

Hapa tutakuwa wakali. Mzazi anayeshukiwa kuwa na saratani ya damu asipewe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini kwa shauri la duka au jirani. Dawa hizo huweza kumaliza figo za mwenye mayeloma, na huongeza kutokwa na damu kwa mwenye chembe sahani chache. Sindano ya kwenye tako nayo inaweza kuvuja damu ndani ya msuli. Mwambieni mhudumu yeyote, kabla hajafungua sindano, kwamba damu ya mzee inachunguzwa. Kwa maumivu, panado kwa kipimo sahihi ni salama zaidi, lakini pimeni joto la mwili kwanza, kwa sababu panado huficha homa, na homa ndiyo kengele yetu.

Nunueni kipimajoto. Nyuzi 38 au zaidi kwa mtu ambaye chembe zake nyeupe zimeharibika ni dharura, hata ikiwa ni saa nane usiku, hata ikiwa anasema anajisikia vizuri. Vivyo hivyo damu ya pua au ufizi isiyokoma, vidoa vyekundu vinavyotokea kwenye ngozi kama upele, kuchanganyikiwa, au kutopumua vizuri. Miguu ikilegea ghafla, au mkojo ukizuilika kwa mwenye maumivu ya mgongo, uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa; akifika hospitali siku hiyohiyo anaweza kutembea tena, akichelewa huenda asitembee.

Msimpakie boda kwenye barabara ya mawe. Mifupa iliyoliwa na ugonjwa huvunjika kwa mtikisiko mdogo. Kodini Probox, aketi mbele, dereva aende polepole.

Chakula ni kile cha nyumbani kilichoiva vizuri: muthokoi, ndengu, mbaazi, mboga, mayai, embe lililooshwa. Juisi ya bitiruti si dawa ya saratani, ingawa akiipenda anywe. Maji anywe ya kutosha, isipokuwa daktari wa moyo au figo amempimia. Tembe za kuongeza damu zisitolewe kabla ya kujulikana kama ni chuma kinachokosekana.

Pesa, damu na mikono

Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF. Kadi yako wewe mtoto haimlipii mzazi. Baba na mama huandikishwa kama kaya yao, kwa simu kupitia *147# au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya wa kijijini. Asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Lipeni leo, wakati mnangoja majibu. Mpango ulipoanza, kaya iliwekewa hadi shilingi 400,000 kwa mwaka kwa matibabu ya saratani, na nyingine 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu hizo zikiisha; ulizeni hospitalini kiwango cha sasa, na kama vipimo vya uchunguzi vimo. Wanaokumbuka Makueni Care ya shilingi 500 kwa kila kaya, iliyoanza mwaka 2016, wajue kwamba ile ilikuwa ya hospitali za kaunti.

Damu yenyewe hainunuliwi. Watu wenye afya wa kati ya miaka 16 na 65, wenye kilo 50 au zaidi, wanaweza kuchangia. Vijana watano wa ukoo wakijiandikisha mapema, mzee hatangoja kitandani huku simu zikipigwa.

Na kuna mwethya. Babu zetu walilima shamba la mgonjwa kwa zamu bila kuulizwa, na hilo linaweza kufanywa tena: wa kuteka maji, wa kulinda mbuzi, wa kulala hospitalini Jumanne, wa kulala Alhamisi. Kwa kawaida mzigo wote humwangukia binti mmoja ambaye hakuolewa, au mke wa mwana wa mwisho, na hakuna anayemuuliza kama amelala. Muulizeni. Mpeni usiku mmoja wa kulala kwake.

Majibu yakitoka mabaya, na daktari akasema tiba ya kuponya haipo, bado maumivu yana tiba. Ombeni huduma ya kutuliza maumivu. Mofini ya maji hutolewa kwa wagonjwa wa namna hii, na haimfanyi mtu kuwa mlevi wala haimharakishii kifo ikitolewa inavyoelekezwa.

Ikiwa mzazi wako amepewa barua ya kwenda hospitali nyingine na barua hiyo bado iko kwenye kabati, itoe usiku huu, soma tarehe, na umpigie simu ndugu yako mmoja mkapange gari la kesho.