Likizo ya Mfuko Mdogo Kwenye Ghuba ya Speke

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Katika wilaya zake tano ni Busega peke yake inayogusa Ziwa Victoria, kwa hiyo usitegemee fukwe ndefu. Hata hivyo, kipande hicho kimekaa pazuri: magharibi Ghuba ya Speke, mashariki Serengeti, katikati lami ya Mwanza–Musoma. Anayetaka maji, wanyama na historia kidogo bila kukopa nauli ya kurudi, ashukie Lamadi, wilayani Busega.

Kutoka Mwanza, mabasi na Coaster za njia hiyo huanzia stendi ya Nyamhongolo. Nauli elekezi ya LATRA iulize kabla hujaingia, na bei ya begi kubwa ipatane na kondakta likiwa bado mkononi mwako. Kaa dirisha la kushoto, ndiko liliko ziwa. Ukiwa na saa mbili tatu za ziada, shuka Kisesa uone makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kisha udandie gari jingine. Anayetoka Dar es Salaam hupita Dodoma, Singida na Shinyanga, akakunja Mwigumbi na kupitia Maswa hadi Bariadi. Kutoka hapo hadi Lamadi ni lami tupu.

Kabla ya Magu utavuka daraja la Mto Simiyu, uliozaa jina la mkoa. Machi 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kagehyi, kijiji cha ufukweni mashariki ya Mwanza, akaelekea mashariki kandokando ya ghuba hii kwa mashua yake Lady Alice. Mashua hiyo ilikuwa imebebwa vipande vipande kutoka Bagamoyo na wapagazi, wengi wao walioajiriwa Unguja, ikaunganishwa hapa ziwani. Stanley aliuona mto huu akauhesabu kuwa chanzo cha Naili cha kusini kabisa. Siku hizi watu huutaja zaidi Kagera, ila ukipita darajani masika, maji yakiwa mekundu na kasi, utaelewa kwa nini alivutiwa. Bango la kueleza haya hulioni, basi mwambie jirani yako wa kiti.

Lamadi ni mji wa barabarani, na sitakudanganya kwamba ni mzuri wa sura. Una gesti nyingi, na gesti hulipwa kwa chumba, si kwa kichwa, hivyo wawili mnagawana. Kagua chandarua na maji kabla ya kutoa hela. Omba chumba cha nyuma: malori hayalali.

Sababu ya kulala hapa ni kwamba lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko kilomita chache tu mbele, upande wa Bunda. Kulala hotelini ndani ya hifadhi ndiko kunakomaliza pesa za watu, wakati ada ya kuingia kwa raia mtu mzima wa Afrika Mashariki imekuwa shilingi 10,000 kabla ya VAT. Chukua kitambulisho cha NIDA, la sivyo utahesabiwa mgeni na kudaiwa makumi ya dola. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu au kadi, na gari hulipiwa peke yake. Bodaboda haiingii hifadhini, kwa hiyo tafuteni wenzenu, mkodi gari moja, mfike langoni saa 12 asubuhi.

Kosa la wengi ni kukimbilia Seronera. Ni zaidi ya kilomita 100, siku nzima itaishia kwenye vumbi. Bakini ukanda huu wa magharibi: tambarare za Ndabaka, Kirawira, Mto Grumeti wenye mamba wakubwa na mbega kwenye miti ya kingoni. Kati ya Mei na Julai nyumbu huwa upande huu. Msivae nguo za buluu wala nyeusi. Mbung'o wanazipenda mno.

Ziwani, nenda mwaloni alfajiri mitumbwi ya dagaa inaporudi. Salimia "mwangaluka" kwanza, omba ruhusa ndipo upige picha. Sato wa kukaanga kwa ugali ni chakula cha kawaida hapa. Sangara ana safari ndefu zaidi: minofu yake husafirishwa hadi Hispania, Italia na Ugiriki, hivyo mtalii anayelipa euro kwenye fukwe za Mediterania huenda anakula samaki wa ziwa hili hili. Wewe mle hapa hapa anakovuliwa. Kuoga ziwani acha, kwa sababu ya kichocho, na jioni kaa mbali na kingo kwa sababu ya viboko na mamba.

Bariadi ni mji wa pamba na dengu, na watu huuruka bila kufikiri. Ukienda Juni hadi Agosti, mavuno yakiwa ndani, hutajuta. Huo ndio msimu wa mbina, ngoma za Kisukuma: vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana uwanja mmoja, kila upande ukijaribu kuwavuta watazamaji wa mwenzake, na kundi lenye watu wengi ndilo mshindi. Wapo wanaocheza na nyoka, wapo na nungunungu. Hakuna tiketi wala ratiba. Muulize mama ntilie, yeye hujua kijiji gani kinacheza Jumapili. Sokoni nunua michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, uichemshe na karanga. Wiki ya Nane Nane vyumba hujaa kwa ajili ya maonesho ya Nyakabindi, hivyo piga simu mapema.

Ukija wakati wa mvua, Novemba hadi Mei, baki kwenye lami. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunasa hata Land Cruiser, na trekta la kukuvuta lina bei yake.