Jalada la gemu lako lisomeke kabla teksi haijapita

Wadogo zangu, wiki hii dada yenu anajibu ujumbe mmoja tu, maana ndani yake yamo maswali ya wengi. Ameutuma mdogo wetu anayeishi Durban, Afrika Kusini, ambaye mchana ana kazi nyingine na usiku anatengeneza gemu lake peke yake.

“Dada, shikamoo. Gemu langu linahusu Wazanzibari wa Durban. Ni la mafumbo: imefika siku ya kuhamishwa, na mchezaji anapanga vyombo vya familia moja kwenye lori, akiamua kipi kiende na kipi kiachwe. Jalada nimelichora mwenyewe na marafiki wote wamelisifu. Lakini tangu niweke ukurasa kwenye Steam, lile duka la magemu mtandaoni, watu wanaliona na kupita. Nimekosea wapi?”

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza hongera kwa habari uliyoichagua. Kwa wasioijua: kuanzia mwaka 1873, manowari za Uingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa ziliwashusha Durban watu waliookolewa humo. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini jina walilobaki nalo ni Wazanzibari. Waliishi King’s Rest, kwenye mlima wa Bluff kando ya bandari, wakashika Uislamu wao, mpaka sheria ya makaburu ya kugawa makazi kwa rangi ilipowang’oa miaka ya 1960 na kuwapeleka kitongoji cha Chatsworth. Wajukuu zao wako huko hadi leo.

Habari nzito hiyo, na uzito wake ndio uliokuponza. Umetaka yote yaingie jaladani. Nimeona manowari, minyororo, msikiti, ramani ya pwani, familia nzima, lori na jua linalozama. Halafu jina la maneno manne kwa herufi nyembamba kama uzi. Marafiki wamelisifu kwa sababu wanakupenda, na kwa sababu umewaonyesha picha kubwa kwenye kompyuta yako. Mnunuzi hajapata bahati hiyo.

Mnunuzi ana swali moja: humu nitafanya nini? Jalada lako linamjibu kwamba atapigana vita baharini. Mpenda mafumbo anapita. Mpenda vita anabonyeza, anakuta masufuria na vitanda, anaondoka kwa hasira. Umewakosa wote wawili. Mwaka 2021 Waaustralia walitoa gemu liitwalo Unpacking, ambalo kazi yake yote ni kufungua maboksi na kupanga vitu ndani ya nyumba, na likapendwa sana. Basi wapo watu wanaotafuta gemu la aina yako. Kinachotakiwa ni wakutambue.

Kwa hiyo chora lori. Lori moja limejaa pomoni, na juu yake kitu kimoja kinachokataa kuenea: cherehani ya bibi, au kitanda cha kamba. Hapo mtu anaelewa kazi iliyo mbele yake, na moyoni anaanza kujiuliza hawa watu wanahama kwa nini. Manowari ya 1873 ina nafasi yake kwenye maelezo ya ukurasa, kwenye video, na ndani ya gemu lenyewe.

Usidhani habari nzito haiwezi kubebwa na picha nyepesi. Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau mwezi Aprili 2024, gemu lililozaliwa na uchungu wa kufiwa na baba yake, na lina hata sauti za Kiswahili. Lakini mnunuzi hatangulizwi kilio. Anatangulizwa kijana Zau na vinyago vyake viwili, cha jua na cha mwezi, rangi ya moto na rangi ya barafu. Na jina linaloandikwa kubwa ni lile la herufi tatu, ZAU. Maneno mengine yamewekwa madogo. Msiba unakuja baadaye, mchezaji akishaingia ndani.

Hapo tumefika kwenye ukubwa. Steam inadai picha za maumbo mengi: ya kichwa cha ukurasa ni pikseli 920 kwa 430, ya wima 748 kwa 896, ya maktaba 600 kwa 900, na ndogo ni 462 kwa 174. Hiyo ndogo duka lenyewe huipunguza tena hadi 120 kwa 45. Pima kwa vidole uone. Katika nafasi hiyo sura za familia yako ni vumbi. Ndiyo maana Steam wenyewe wanashauri kwamba kwenye picha ndogo jina la gemu karibu lijaze nafasi yote. Kwa hiyo usichukue picha moja ukaibana kila mahali. Panga upya kila umbo. Na maduka hayafanani: itch.io inapendekeza 630 kwa 500, na Google Play wanataka ikoni ya mraba, 512 kwa 512, ambayo jina halina haja ya kuandikwa humo kwa sababu linaandikwa pembeni.

Mwalimu wa jambo hili unaye mjini kwako. Simama Warwick, penye vituo vya teksi, jioni watu wanapotoka kazini uzitazame teksi, hizo daladala za kwenu zinazosifika Afrika Kusini nzima kwa michoro na muziki. Moja inapita mbio, na bado jina lake umelisoma. Rangi chache, herufi nene, kitu kimoja kikubwa. Jalada nalo linapita hivyohivyo chini ya kidole cha mtu. Garth Walker, mbunifu wa hapohapo Durban, alianzisha jarida la i-jusi katikati ya miaka ya 1990 akisisitiza kwamba ubunifu wa Afrika Kusini ujifunze kutoka mitaani kwake. Nawe usikimbilie mitindo ya Tokyo wakati Warwick iko pua na mdomo.

Kuhusu rangi: kurasa za Steam zina buluu iliyokolea. Machweo yako ya zambarau yanamezwa humo. Weka mwanga nyuma ya lori.

Halafu futa yale maneno “Gemu la kipekee kutoka Afrika!” na zile nyota tano. Tangu Septemba 2022 Steam wanaruhusu jaladani picha ya gemu, jina lake na jina dogo rasmi tu. Sifa za wakaguzi, tuzo na punguzo la bei haviruhusiwi.

Kama mkono wako hautoshi, tafuta mchoraji umlipe, na muandikiane kabla hajashika kalamu: marekebisho mangapi, haki ya kutumia picha ni ya nani, malipo lini. Dai faili lenye tabaka, yaani mandhari peke yake, lori peke yake, jina peke yake. Bila hivyo, kila umbo jipya litakurudisha kwake na pesa mkononi. Ukiamua kutumia akili bandia, ujue kwamba tangu Januari 2024 Steam inakutaka utangaze hilo, na wachezaji wengi hawalifurahii.

Mwisho, jaribu. Punguza picha hadi ile 120 kwa 45, uiweke katikati ya majalada ya mafumbo yanayouzwa sasa, umwonyeshe mtu asiyekujua kwa sekunde moja, uifiche. Muulize: hili gemu la kufanya nini? Akijibu “kupakia lori”, umefaulu. Akijibu “zuri”, rudi mezani. Jaribu pia kwa kuondoa rangi zote. Jina lisiposomeka kwa kijivu, rangi ilikuwa inakudanganya.

Na minyororo, mdogo wangu, iondoe kwa sababu nyingine pia. Kabla hujachapisha chochote, nenda Chatsworth ukakae na wazee. Waulize siku ile walibeba nini, na walichokiacha kilikuwa nini. Waonyeshe jalada. Hao ni watu wenye misikiti, harusi na majina yao. Usiwauze duniani kwa pingu ambazo babu zao walishavuliwa. Wakikwambia kitu kilichokataa kuingia kwenye lori kilikuwa kingine, badilisha mchoro.

Kwa hiyo neno langu ni hili: bakiza lori, nenesha jina, futa mengine yote. Nanyi wengine mnaotengeneza magemu, nitumieni majalada yenu. Ila yatumeni yakiwa madogo, maana makubwa dada yenu hatayafungua.